Mercedes S320 ya 1994 inamisi asubuhi na milango haijivuti: anzia kwenye waya

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua Mercedes S320 ya mwaka 1994 kwa mzee mmoja mstaafu hapa Arusha, ile kubwa ya mraba W140. Asubuhi ikiwa baridi inatetemeka na kumisi, ikishapata moto inatulia, ila kuna siku taa ya ASR, ile ya kuzuia matairi yasiteleze, inawaka ghafla na gari inakosa nguvu kabisa, ukizima na kuwasha inarudi kawaida. Nimebadilisha plagi na koili zote tatu, bado. Fundi sasa anataka ninunue kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Halafu milango zamani ukiirudishia kidogo ilikuwa inajivuta yenyewe, sasa hivi haijivuti hata mmoja, na kioo cha mlango wa nyuma kina ukungu usiofutika ndani wala nje. Je niachane nayo nichukue W220 ya 2000, ile S-Class iliyofuata baada ya hii, kuna jamaa anauza bei hiyohiyo?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na hongera kwa gari. Kwanza kabisa hiyo kontroli boksi usinunue, mwambie fundi wako asubiri, maana kwa dalili ulizotaja na mwaka ulioutaja mimi ningeweka dau kwenye wayaringi ya injini, yaani lile fungu la waya linalotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye koili, nozo na sensa. Ukifunga kontroli boksi mpya juu ya waya mbovu unaweza kuiua hiyo mpya siku hiyohiyo, kwa sababu waya zikigusana shoti inarudi kwenye boksi.

Nieleze kidogo hii gari ilitokeaje, maana ukishajua hilo matatizo yake yote hayatakushangaza tena. W140 ilianza kuchorwa miaka ya 80 mwanzoni, Bruno Sacco akiwa ndo mkuu wa usanifu pale Mercedes, na ilikuwa itoke mapema kuliko ilivyotoka. Sasa katikati ya kazi BMW wakatoa 750i mwaka 1987 yenye injini ya V12, lita 5.0, farasi 300, na Mercedes wakati huo juu kabisa walikuwa na V8 tu, hilo liliwauma. Halafu Januari 1989 Wajapani wakaleta Lexus LS400 pale Detroit, imetulia kiasi kwamba Wajerumani walianza kuulizana. Kwa hiyo S-Class mpya ikaendelea kuongezewa vitu, ikapewa V12 ya lita 6.0 yenye farasi 408, na bodi ikazidi kuwa nzito, mpaka inaonyeshwa Geneva Machi 1991 wenyewe Ulaya walikuwa wanalalamika kwamba imezidi. Upana wake ni karibu meta 1.89 bila saitimira, na ilishindwa kuingia kwenye treni ya kubeba magari kwenda kisiwa cha Sylt, ambako matajiri wa Kijerumani wenye uwezo wa kuinunua ndo wanakwenda likizo. Hebu fikiria.

Lakini humo ndani walimwaga ufundi wote waliokuwa nao. Vioo vya milango ni viwili viwili vyenye nafasi ya hewa kavu katikati. AC inatumia gesi ya R134a wakati magari mengi bado yalikuwa na ile ya zamani. Milango na buti vinajivuta vyenyewe, na baadhi ya gari ukiweka rivasi vinatoka vijiti viwili juu ya matagadi ya nyuma ili uone mwisho wa gari uko wapi, vijiti hivyo vilikuja kuondolewa 1995 wakaweka sensa zinazopiga mlio. Na hii ndo inayokuhusu wewe: W140 ilikuwa gari ya kwanza ya kuuzwa kwa watu kutumia CAN, yaani kompyuta za gari zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwenye waya mbili badala ya kila kitu kuwa na waya wake. Leo hata Vitz inayo, lakini 1991 ilikuwa habari kubwa.

Sasa balaa lake ni kwamba kompyuta zikishakuwa zinaongea, waya mmoja ukiwa na shoti kwenye injini, malalamiko yanatokea kwingine kabisa. Ndo maana wewe unaona taa ya ASR wakati matairi hayana shida yoyote. Kwenye S320 yako thrato, yaani lango la hewa ya injini, inafunguliwa na mota ya umeme inayohusika na ASR na ile krusi ya kushikilia spidi, na mota hiyo ikipeleka taarifa zisizoeleweka kompyuta inaamua kwa usalama ikate nguvu na iwashe taa. Ukizima na kuwasha inajaribu upya, inakuta sawa, unaendelea na safari mpaka itakapokutana na shoti tena.

Na hizo waya zilioza kwa nini? Hapa Mercedes waliteleza na wala si W140 peke yake, ni karibu modeli zao nyingi za kuanzia 1992 mpaka 1995 hivi. Waya za injini za miaka hiyo zilikuja na plastiki ya juu ambayo haivumilii joto. Inakauka, inakuwa ngumu, inapasuka, mwisho inadondoka vipande vipande unabaki na shaba tupu. Ikiwa kavu inaweza kuvumilia, ukija unyevu wa asubuhi wa Arusha ndo inaanza kuvujisha umeme, gari inamisi, ikipata moto unyevu unakauka inatulia. Ndo dalili yako hiyo kama ulivyoiandika.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Injini ikiwa imepoa kabisa chomoa betri, halafu juu ya injini katikati kuna kava refu la plastiki limeshikwa na bolti za alenki, lifungue. Chini yake utaona zile koili tatu, kila koili inahudumia silinda mbili. Chukua waya unaoingia kwenye soketi ya koili ya nyuma, ile iliyo karibu na kabini maana huko joto linakaa zaidi, vuta nyuma taratibu lile bomba jeusi linalozifunika, ukizifikia waya zenyewe ukunje mmoja kwa vidole, polepole tu. Waya mzima unakunjika kama waya. Mbovu utasikia unakatika kama tambi kavu na ngozi yake inabaki mkononi. Ukiona hivyo kazi ya kutafuta imeisha, usiwashe tena gari kwa ajili ya majaribio. Angalia pia kama kuna kikaratasi kidogo kimezungushiwa kwenye hilo fungu, huwa kina tarehe ya kutengenezwa, maana inawezekana mzee aliyekuuzia aliwahi kubadilisha. Ikisoma 1996 kuja juu basi waya si tatizo lako na turudi kwenye sensa ya hewa na hozi za vakyumu.

Zikiwa mbovu una njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza wayaringi mpya kwa namba ya chesisi, nasisitiza namba ya chesisi, maana kuna za aina nyingi zinazofanana kwa macho na soketi moja tu ikitofautiana umeumia. Used usiguse kabisa hata ikiwa bei ya kutupa, imetoka kwenye gari ya miaka hiyohiyo na imeoza vilevile, ukiikunja tu wakati wa kufunga inapasuka. Njia ya pili ni fundi umeme mzuri azisuke upya waya moja moja akitumia waya za kuvumilia joto, zile za silikoni, na kutumia soketi zilezile za zamani. Inawezekana na inadumu ikifanywa kwa subira, ila kuna mafundi watakuja na waya za kuvutia umeme wa nyumba au watazungushia selotepu wakuambie tayari, hao waage kwa heshima. Na usiisahau mota ya thrato, ndani yake nayo kuna waya za kizazi kilekile, watu wengi wanabadilisha fungu la juu halafu ASR inarudi kuwaka wanachanganyikiwa. Mota inafunguliwa, waya zinabadilishwa, inarudishwa.

Jambo jingine kuhusu upimaji: gari yako haina ile soketi ya kawaida ya kupimia chini ya usukani, kwa hiyo vile vidude vya bluetooth vya simu havina kazi hapo. Yako ni soketi ya duara ya pini 38 iko kwenye boneti. Fundi akikwambia mashine imegoma kusoma muulize alichomeka wapi.

Milango sasa. Hii haina mota mlangoni kama unavyodhani, ni upepo. Kuna pampu moja nyuma kwenye buti, imefungwa ndani ya sponji nzito ili usiisikie, na hiyo pampu inahudumia loki zote, milango kujivuta, buti, na kwenye baadhi ya gari hata mito ya viti na vile vijiti vya rivasi. Mlango ukifika kwenye klik ya kwanza swichi inaiambia pampu ivute, utando wa mpira ndani ya mlango unavutwa na kufuli linamalizia. Si kila W140 ilikuja na huduma hii, ila ya kwako ilikuwa nayo na imekufa milango yote kwa pamoja, hiyo ni habari nzuri kwa sababu milango minne haiwezi kuharibika siku moja. Fungua buti, mtu mmoja aweke sikio karibu na pampu, mwingine arudishie mlango mpaka klik ya kwanza. Ikiwa kimya kabisa anzia fyuzi kisha umeme unaofika kwenye pampu. Ikiunguruma muda mrefu halafu ikakata, upepo unavuja mahali, na hapo ni kuziba bomba moja moja pale pampuni mpaka ujue ni tawi gani, mara nyingi ni vibomba vya plastiki vimekauka au ule utando umetoboka. Loki za milango zinafanya kazi? Hukusema. Kama zinafanya, pampu haijafa yote.

Ukungu wa kioo hautibiki. Ile hewa kavu katikati imeshaingia unyevu kwa sababu gundi ya pembeni imechoka, utafuta mpaka mkono uume. Ni kubadilisha kioo kizima au kuishi nacho, na mimi kwa mlango wa nyuma ningeishi nacho mpaka pesa ya vitu vya maana iishe kutumika. Kuna watu wanatoboa kioo ili kitoe unyevu, mimi siungi mkono.

AC hukuizungumzia na Arusha huihitaji sana, ila washa uone inapoa. Ile evaporeta ya W140, yaani kile kifaa kinachopoza hewa, inajulikana kwa kuvuja na iko nyuma ya dashibodi, kuifikia lazima dashibodi nzima ishuke, kazi ya siku kadhaa. Ukikuta mtu anajaza gesi kila baada ya miezi michache bila kukuambia inavujia wapi, ujue ndo hiyo. Na angalia oili pembeni mwa injini kona ya nyuma upande wa kulia, injini hii ya M104 gasketi ya hedi inapenda kuvuja hapo. Ikiwa ni jasho tu usiogope, ikishuka mpaka kwenye ekzosi ifanyie kazi. Injini yenyewe ni ngumu sana, lita 3.2, farasi 231, ukiitunza maji na oili inatembea kilomita ambazo utachoka wewe.

Kuhusu W220, ni gari nzuri kuendesha sitabisha. Ilitoka 1998, wakapunguza uzito mwingi, wakaichonga ikawa inakata upepo vizuri, na ndani ina teknolojia zaidi. Lakini mtu akiniuliza ipi ataitengeneza kirahisi hapa kwetu namwambia W140 ya silinda sita bila kusita. Yako, kama haikuagizwa na sasipensheni ya ziada, inakaa kwenye springi za chuma na shokapu. W220 inakaa kwenye maputo ya hewa, kila gurudumu, yenye kompresa, vali na sensa zake, na bodi yake inashika kutu kuliko ya kaka yake. Bei hiyohiyo ya kununua si bei hiyohiyo ya kukaa nayo.

Kama bado roho iko kwenye hiyo ya jamaa, nenda jioni muombe aipaki sehemu tambarare, pima kwa rula kutoka ukingo wa tagadi mpaka katikati ya rimu magurudumu yote manne, urudi asubuhi kabla hajaiwasha upime tena. Kona iliyoshuka, puto au vali yake inavuja, na akikukatalia kuilaza bila kuwashwa usihangaike hata na rula.