Kundi la WhatsApp la darasa: kwa mwalimu anayeanza kazi

Mwalimu mgeni, kabla hujafungua kundi la WhatsApp la darasa lako, jiulize kwanza simu ni ya nani. Kwenye shule nyingi za sekondari Tanzania mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu. Unachotuma kitaingia kwenye simu ya mama, baba au kaka, naye mwanafunzi atakiona jioni mwenye simu akirudi, tena kama bando lipo. Kwa hiyo maswali ya wikiendi yatume Ijumaa mchana, usingoje Jumapili usiku. Kazi yenye maksi iandike ubaoni pia, maana zipo nyumba zenye kitochi tu, simu ndogo isiyo na WhatsApp.

Mwarifu mkuu wa shule, kisha weka admini wa pili, ikiwezekana mwalimu wa darasa. Kwenye mipangilio ruhusu maadmini peke yao kutuma ujumbe. Fungua kwa saa moja ya maswali, tuseme kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 usiku, halafu funga. Kundi lisilofungwa hujaa salamu za asubuhi na matangazo ya mikopo, swali la mtoto likafukiwa humo. Kiungo cha kujiunga usikisambaze ovyo, kwa sababu anayeingia anaona namba za simu za wenzake wote. Washa sharti la kila mwombaji kuidhinishwa na admini, na kiungo kikivuja kibadilishe.

Picha ya ubao ndiyo huwaangusha wengi. WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi, na vipeo vya Hisabati au namba ndogo za fomula za Kemia ndizo za kwanza kupotea. Simama pembeni kidogo ili mwanga wa dirisha usiakisi ubaoni, kata kingo zisizohitajika, kisha itume kama faili. Video ya dakika tano hula makumi ya megabaiti. Ujumbe wa sauti wa muda huohuo kwa kawaida haufiki megabaiti mbili. Sauti inafaa sana kueleza kosa lililorudiwa na wengi kwenye zoezi: "swali la 4, mmesahau kubadili alama mlipohamisha namba." Kwa kazi hiyo, na kwa mtoto aliyelala mgonjwa nyumbani, kundi lina faida kubwa. Mada mpya usiifundishie humo. Darasani unamwona aliyekunja uso. Kwenye simu unaona tiki za bluu tu, na huenda aliyesoma ni mzazi.

Kunakiliana kutakuwepo. Mmoja akipiga picha majibu yake, jioni hiyohiyo darasa zima linayo, hadi makosa yake. Badilisha tarakimu ili kila safu ya madawati iwe na swali lake, na asubuhi mwite mmoja aeleze hatua ya pili ubaoni. Aliyenakili hukwama hapo.

Matokeo ya mtihani usiyamwage kundini kwa majina. Mtumie kila mzazi ya mwanawe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na maksi zenye jina la mtoto ni taarifa binafsi. Picha za wanafunzi nazo ziombee ridhaa ya mzazi. Mwanafunzi akikuandikia faragha, hata kwa swali la somo, mjibu kundini au kupitia mzazi wake. Hili wengi hulipuuza hadi maneno yaanze mtaani.

Karibu na mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) zitapita "pepa" za kuuzwa, zinazodaiwa kuvuja. Zifute, mwondoe aliyeleta, mwambie mkuu wa shule siku hiyohiyo. Mitihani ya miaka iliyopita ipo bure kwenye tovuti ya NECTA, na vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania; tuma viungo vyake.

Mwaka ukiisha, ondoa wanachama wote kabla hujatoka mwenyewe. Maadmini wote wakitoka kwanza, kundi haliondoki: WhatsApp humpa mwanachama mwingine uadmini, nalo linaendelea kuitwa kwa jina la darasa lako.