Makofi Yakiisha, Anza Kuhakiki

Mwanza hatukosi wasemaji. Leo viwanja vya Furahisha kuna mhubiri, kesho mgombea, na pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba kipaza sauti hakinyamazi. Vijana wangu wa klabu ya midahalo huwa nawaanzishia na swali moja la kujibiwa kwa sentensi moja: msemaji huyu anataka nifanye nini? Nimpe kura, nitoe pesa, nimchukie mtu fulani? Ukishindwa kulijibu, bado hujaanza kuhakiki hotuba.

Kisha rekodi hotuba kwa simu, uandike maneno yenyewe karatasini. Huko sauti nzito haipo wala vigelegele. Hoja inabaki peke yake.

Chukua maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yamevamia eneo la Kagera, upande wa pili wa ziwa letu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo, nia tunayo. Wengi husifu takriri ile, yaani kule kurudiarudia, wakaishia hapo. Uliza kila kipande kinafanya kazi gani. Sababu ilionekana kwa macho: ardhi ya Tanzania ilikuwa imetwaliwa. Nia inamwinua msikilizaji, ajione naye yumo. Lakini uwezo ndilo dai zito kuliko yote, nalo limetangulizwa, likatamkwa kwa uhakika bila kutaja askari wala silaha. Naamini ilibidi iwe hivyo, maana hakuna amiri jeshi anayemhesabia adui silaha zake hadharani. Kuliona hilo si kumvunjia Mwalimu heshima. Mimi linanifanya niistahi zaidi akili iliyoyapanga maneno yale.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliyagawa zamani yale yanayomshawishi msikilizaji: heshima ya msemaji, hisia za wasikilizaji, na mantiki. Mgawanyo huo unatosha kuanzia.

Kazi ngumu ni kusikia kisichosemwa. Tuseme mtu anawahamasisha wavuvi wachangie vizimba vya kufugia sato. Anamtaja jirani aliyejenga nyumba kwa mavuno. Jirani huyo huenda ni wa kweli, ila mmoja hathibitishi kwamba wote watafaulu. Je, ametaja bei ya chakula cha samaki, ambacho ndicho hula sehemu kubwa ya gharama? Ametaja miezi ya kulisha kabla ya kuvuna, na nani atabeba hasara samaki wakifa? Yaandike maswali hayo pembeni ya karatasi, na muda wa maswali ukifika, nyoosha mkono kabla daftari la michango halijakufikia.