Matembezi ya Darwin nenda tu, ila pakua rekodi kwanza

Umeuliza kama ni kupoteza muda kutembea na rekodi ya maelezo masikioni bila mwongozaji pale kijiji cha Downe, pembeni mwa London, kwa Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi. Mi naona bila mwongozaji ndo poa, unasimama unapotaka, na huyu mzee mwenyewe nusu ya kazi yake ilikuwa kutembea na kusimama bwana. Alihamia Down House, nyumba yake pale kijijini, 1842 akakaa hapo mpaka anafariki 1882, na alikuwa anazunguka kile kinjia cha changarawe wanachokiita Sandwalk karibu kila siku, anapanga vijiwe pembeni halafu kila mzunguko anapiga teke kimoja ili asipoteze hesabu huku akili iko mbali kwenye mawazo yake, sasa ukifika hapo zima rekodi kabisa, sikiliza ndege kwanza. Hata pale kwenye majani usipite mbio, chini kuna nyungunyungu, aliwachunguza miaka na miaka akawaandikia kitabu kizima 1881, jinsi wanavyogeuza udongo mpaka mawe yanazama taratibu (nani mwingine angejali?). Miteremko ya chokaa ya jirani ina okidi, nazo alizifuatilia kujua wadudu wanabebaje chavua, nenda mwezi wa sita utazikuta nyingi zimechanua. Kingine, pakua faili kabla hujatoka, usitegemee mtandao njiani, na vaa hedifoni sikio moja tu, barabara za kule ni nyembamba na magari yanapita.