Deki ya DVD ya bei nafuu: maswali yenu na majibu

Birere, hapa Goma, nimeona deki ya dola 20, karatoni imeandikwa 1080p. Ninunue? (Baba, Majengo)

Baba, achana na maandishi ya karatoni. Picha iliyo ndani ya DVD haizidi mistari 576. Deki inaitanua ifike 1080, lakini haiwezi kuonyesha kisichorekodiwa. Ubora wa deki ya dola 20 uko kwenye kichwa cha leza, yaani kile kinachosoma diski, na hicho hakiandikwi popote. Ni lazima kipimwe.

Nenda na diski zako tatu: DVD ya asili ya tabaka mbili, ya kukopi iliyojaa hadi GB 4.7, na nyingine yenye mikwaruzo. Diski husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo kwenye ile ya kukopi ruka hadi dakika 10 za mwisho. Kichwa dhaifu hukwama hapo, picha ikavunjika miraba-miraba. Kwenye ile ya asili, angalia katikati ya filamu, pale leza inapohamia tabaka la pili. Kusita kidogo ni kawaida, kuganda siyo. Ile yenye mikwaruzo iache icheze dakika 15, kisha weka kiganja juu ya deki usikie kama inachemka. Muuzaji akikuwekea diski yake fupi ya muziki, kataa: nyimbo chache hukaa karibu na katikati, na hapo kila deki husoma. Akikuambia karatoni haifunguliwi kabla ya kulipa, ondoka.

Deki yangu inaandika PAS DE DISQUE (hakuna diski). Nifanyeje? (wengi)

Kila mara swali hili linaletwa bila kutaja ni diski gani. Jaribuni kwanza CD ya muziki, halafu DVD, ndipo mwandike. CD husomwa kwa mwanga wa nanomita 780, DVD kwa 650. Deki ikisoma CD na kukataa DVD zote, leza ya DVD imechoka.

Ikikataa zote mbili, safisha lenzi. Vumbi letu la mawe ya volkeno ni kali kama msasa, kwa hiyo lipulize kwanza kwa pampu ndogo ya mkono. Ukisugua pakavu utaikwaruza. Kisha chukua pamba ya masikio yenye tone moja la alkoholi safi, gusa taratibu, ngoja dakika 5.

Hili nalisema hata kama hamkuliuliza: fundi akitaka kuzungusha kile kiskrubu kidogo ubavuni mwa kichwa, mzuieni. Kinaongeza nguvu ya leza. Deki itasoma kwa muda, halafu leza iungue kabisa. Badilisheni kichwa kizima, kwa namba ileile iliyochapwa juu yake, mara nyingi SF-HD62 au SF-HD65. Kipya kikija na tone la risasi ya kulehemu linalokikinga na umeme tuli, liondolewe baada ya utepe wa nyaya kuchomekwa, siyo kabla.

Dada yangu ananitumia DVD kutoka Bruxelles, deki inazikataa. (Mama, Katindo)

DVD hufungwa kwa zoni, yaani maeneo ya dunia: za Ulaya ni zoni 2, Kongo iko zoni 5. Nunua deki ya zoni zote, na hiyo diski ya dada yako ndiyo uende nayo dukani.

Fleshi haisomwi. (Kaka, Himbi)

Ifomati kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili. Deki nyingi za bei hii husoma video za AVI, zinakataa MP4 za simu.

Umeme ukirudi, deki inawaka taa nyekundu tu. (Mama, Ndosho)

Umeme unaporudi huja na mshtuko, na kinachokufa ni sehemu ya umeme ndani ya deki. Fundi aangalie kondensa (vipipa vidogo vya kuhifadhi umeme) zilizovimba upande wa juu. Mpya aweke zenye mikrofaradi zilezile, volti zisipungue. Ya volti 16 mahali pa ya 10 inafaa. Kuanzia leo, umeme ukikatika chomoa plagi kwenye prizi, na ukirudi ngoja dakika 5 kabla ya kuchomeka. Kitufe cha rimoti hakikati umeme.