Kabla ya Kugawanya 4,294,967,297: Ushauri kwa Wanaoanza

Anayeanza kuchunguza namba kubwa huwa na pupa ya kugawanya, nami nilianza hivyo hivyo. Nilipewa 4,294,967,297 niseme kama ni namba tasa au la, nikashika kikokotoo, nikajaribu 3, 7, 11, 13 na kuendelea, na jioni nzima ikaisha nikiwa sijafika hata 400. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili; kipeuo cha pili cha hii kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo mno, na chini ya hapo zipo namba tasa 6,542 za kujaribu.

Nilipaswa kwanza kujiuliza namba hiyo imeundwaje. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba namba zote za ukoo huu, yaani 3, 5, 17, 257, 65,537 na zinazofuata, ambapo 2 hupewa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo mara mbili, kisha hujumlishwa 1, ni tasa. Hizo tano ni tasa kweli; ya sita ndiyo hii yetu, na mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Ni yeye pia aliyethibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Kwa hiyo namba tasa za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641: jaribio la tano tu!

Jibu hilo unaweza kulihakiki kwa kalamu. Angalia kwamba 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Ukigawanya kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na baki ya −1 (yaani imepungua 1 tu kufikia 641), hivyo ukiipandisha kwa kipeo cha nne, 625 × 2²⁸ inaacha baki 1. Lakini 625 ni sawa na −16, yaani −2⁴. Iweke mahali pake, utapata kwamba −2³² inaacha baki 1, kwa hiyo 2³² + 1 haiachi baki.

Wanaotumia kompyuta nao wawe waangalifu. Programu yangu ya kwanza ilidai kuwa namba hii ni 1, kwa sababu nafasi ya biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 au 1 ambazo kompyuta hutumia kuhifadhi namba) mwisho wake ni 4,294,967,295, na ukipita hapo hesabu inaanza upya kwenye sifuri. Nilikagua kanuni yangu ya kugawanya kwa siku mbili, kumbe haikuwa na kosa.

Ukishapata 641 usiweke kalamu chini, kwani hisa, yaani jibu la kugawanya kwa 641, ambayo ni 6,700,417, nayo inahitaji kuchunguzwa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na kwa kuwa zilizo chini ya 641 zimeshashindwa, sharti la 64 linakuachia namba tasa saba tu za kujaribu: 641 yenyewe tena, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Hakuna hata moja inayoigawanya bila baki, kwa hiyo ni tasa.