Kutafuta spea za Landrova ya zamani: kwa anayeanza

Umepata Siriz IIA au III iliyokuwa imelala chini ya mwembe wa mtu, na sasa unataka itembee. Kabla hujauliza nani anauza spea, nenda kasome sahani ya namba ya chesisi, kisha uiname ukatazame namba iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia karibu na springi. Mwisho wa tarakimu utakuta herufi moja. Siriz IIA ilianza 1961 na III ikafuata 1971 hadi 1985, lakini kiwanda chake cha Solihull, Uingereza, hakikungoja jina jipya ndipo kibadilishe vitu. Kilikuwa kikibadilisha katikati ya safari, na mabadiliko yakiwa makubwa kinasogeza herufi. Kitabu cha spea nacho kimepangwa hivyohivyo: hadi herufi hii kifaa ni hiki, kuanzia herufi ile kifaa ni kile. Gari za mwishoni, kuanzia karibu na 1980, zina namba ndefu ya utambulisho wa gari, VIN, badala yake. Ukifika dukani na kusema tu "nataka pampu ya klachi ya 109" (gari refu, lenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma; fupi ni 88), muuzaji atakupa pampu ya klachi ya 109, na huenda isiwe yako.

Halafu hakikisha gari bado ni lile linalotajwa na sahani. Gari la miaka hamsini hapa kwetu limepitia misheni, hifadhi, halmashauri, mkulima wa kahawa, na kila mmoja alifunga alichokipata. Breki za 88 nyingi ni za ngoma ya inchi 10, za 109 ni inchi 11, na nimeona 88 yenye ekseli ya 109 nyuma. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kuu tatu za kranki, ikaja kuwa na tano mwaka 1980. Kwa hiyo ukiagiza beringi kwa kufuata mwaka ulioandikwa kwenye kadi bila kufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, umecheza bahati nasibu.

Kifaa cha zamani usikitupe. Mwambie fundi mapema, kwa sababu kikishaingia kwenye ndoo ya vyuma chakavu hukioni tena. Hicho ndicho kipimo chako. Nunua venia kalipa, kile kipimo cha taya cha kupimia milimita, hata ya bei nafuu, upime kipenyo, urefu na idadi ya meno, upige picha na rula pembeni, ndipo umwandikie muuzaji. Namba ya spea peke yake haitoshi, maana anayenakili anaweza kuandika namba sahihi juu ya kitu kibovu.

Spea za kunakili zenyewe si za kuogopa zote. Bila hizo magari haya yangekuwa mabanda ya kuku. Swali ninalojiuliza ni moja: hiki kikifa barabarani, nini kitatokea? Madigadi ya kunakili huja na matundu yasiyokutana na boliti. Unachukua tupa, unayapanua, unanung'unika, basi. Ukitaka kujua kama umeuziwa bati la chuma badala ya aluminiamu, pitisha sumaku, ingawa ukuta unaotenganisha injini na kabati ya dereva ni chuma tangu kiwandani, na ndio unaooza kwanza. Springi za kunakili huwa zinafaa, ila kumbuka ya upande wa dereva hupinda zaidi kuliko ya upande wa pili. Wauzaji wengi hawalijui hilo na watakupa mbili zinazofanana.

Mpira ndio unaonipa wasiwasi. Hapa wageni wengi hukosea kwa kupenda vitu vya asili: wanakuta repea kiti (seti ya mipira ya kukarabatia) ya masta silinda, ile pampu kuu ya breki, ndani ya boksi la miaka ya 1970, haijaguswa, wanashangilia. Mpira huzeeka hata ukiwa kwenye boksi. Kitu cha chuma cha stoku ya zamani ni dhahabu, nunua bila kusita. Kikombe cha mpira cha umri huo kiache kwenye kabati la maonyesho. Kwa breki nunua kipya kutoka kampuni inayotengeneza breki za magari ya leo pia, ulipe bei yake. Na ukifungua ngoma za zamani usipulize vumbi kwa kompresa, kwani lainingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

Umeme wa kuwasha injini nao una mitego. Rota za kunakili, yaani kile kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta kugawa umeme kwa plagi, zile ambazo shaba yake imeshikwa kwa ribiti, zina tatizo maarufu. Ribiti inakaribia mno mhimili, na plastiki ikiwa duni cheche hupenya humo na kupotelea kwenye chuma cha gari badala ya kwenda kwenye plagi. Gari linawaka vizuri asubuhi, likipata joto linazima, na wewe unasafisha kabureta ambayo haina kosa. Tafuta rota isiyo na ribiti. Kondensa mbovu hufanya mchezo huohuo wa kufa kwa joto, kwa hiyo ile ya zamani inayofanya kazi iache ilipo, mpya weka akiba. Wanaotaka kufunga mfumo wa elektroniki badala ya pointi, vile vikato vya umeme vya distribyuta, waangalie kwanza betri: IIA za mwanzo upande chanya wa betri ndio uliounganishwa kwenye bodi, na kifaa cha gari lenye hasi kwenye bodi kitaungua papo hapo.

Kuna vitu ambavyo huna haja ya kumtafuta muuzaji wa Landrova hata kidogo. Beringi za magurudumu zina namba zimegongwa ubavuni. Nenda nazo kwenye duka la beringi lenye jina, kwa kuwa beringi feki zimejaa mtaani na maboksi yake yanapendeza kuliko halisi. Sili za oili hununuliwa kwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na upana. Kioo cha mbele ni bapa, kinakatwa na fundi vioo yeyote, mradi umdai kile cha tabaka mbili zenye utando katikati. Rejeta ya shaba inawekwa moyo mpya hapahapa. Bushi za shaba nyeusi mpe mkereza pamoja na kile kipande cha zamani ulichokitunza. Breki na stelingi usimpe, hata awe hodari kiasi gani.

Kinachobaki ndicho cha kuagiza Uingereza, na hapo nauli huweza kuipita bei ya kifaa. Sisi huunganisha oda watu kadhaa. Vyepesi kama rota, pointi na repea kiti vinakuja kwa ndege. Springi, ngoma na madigadi vinasubiri meli. Mwombe muuzaji aandike kila kifaa na bei yake kwenye ankara. Mzigo ulioandikwa "spea za gari" tu utakaa bandarini ukihesabiwa gharama za kuhifadhi, huku gari likiwa juu ya mawe.