Maswali na majibu: Wiski ya Australia na kiberiti cha washkaji

SWALI: Kaka mtaalam, shemeji katoka Melbourne kaniletea single malt ya huko (wiski ya kimea cha shayiri ya kiwanda kimoja), imekaa kwenye mapipa yaliyokuwa ya mvinyo mwekundu. Lebo haina umri, ila nimesoma sheria yao inataka miaka 2 tu. Rangi imekoza hatari. Washkaji wakaitikisa wakaangalia mapovu, wakamwaga kidogo kwenye kijiko wakaiwasha, mwisho wakasema imetiwa rangi, sio yenyewe. Naionjaje nijue kama ni nzuri? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Mdogo wangu, washkaji wakija tena waambie kiberiti kibaki jikoni. Hili swali la rangi napata kila mara na linanichosha. Pipa lililolowa mvinyo mwekundu linatoa wekundu ule ule kwenye wiski, na ndo staili ya Melbourne, kiwanda cha Starward cha huko kimejijengea jina kwa mapipa hayo, sasa ulitaka itoke na rangi gani? Na hayo mapovu yanakuonyesha ukali tu, kilevi kikizidi asilimia 50 hivi yanakaa, ikiwa 40 na kitu yanapotea haraka hata kama chupa ni halali kabisa.

Miaka ni kweli, Australia wanataka 2 kwenye mbao, Scotland 3. Ila kinachosumbua zaidi kwenye wiski za kule ni ukubwa wa pipa. Tangu Bill Lark apate leseni ya kutengeneza wiski kule Hobart, kisiwani Tasmania, 1992, viwanda vingi vidogo vya Tasmania vimetumia mapipa ya lita 100, vingine hata 20, wakati Scotland lita 200 au 250 ni kawaida. Pipa dogo linagusa wiski sana kwa hiyo rangi na ladha ya mbao zinakuja mbio, ila ukali wa kinywaji kichanga hautulii kwa spidi hiyo hiyo, na hapo ndo unaweza kupata kitu cheusi kinachonukia vizuri halafu bado kibichi. Rangi imekudanganya, na washkaji wako wameitumia kama ushahidi!

Kwa hiyo tafuta ubichi. Mimina kidogo kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, barafu weka pembeni, acha dakika kumi. Pua ikae juu ya ukingo, usiizamishe, mdomo uache wazi kidogo. Ukisikia harufu ya rangi ya kucha au unga uliokandwa unaanza kuchacha, ni changa. Onja tone dogo, lizungushe, halafu ongeza matone machache ya maji safi urudie: nzuri inafunguka, matunda na kimea vinajitokeza, mbovu inabaki mbao tupu. Mbao zikizidi ulimi unakauka kama umekunywa chai iliyochemka mpaka ikaungua. Glasi ikiisha iache nusu saa uinuse ikiwa tupu, kama shayiri bado inasikika chini ya mvinyo na mbao, shemeji kakuletea kitu cha maana. Na asikwambie mtu Australia hawawezi, Sullivans Cove ya Tasmania, pipa la mwaloni wa Kifaransa, ilichaguliwa single malt bora ya dunia kwenye tuzo za World Whiskies Awards 2014.

Chupa yako kutokuwa na stempu ya TRA isikutishe, imekuja kwenye begi la mtu. Ninachoogopa mimi ni huo mchezo wa kijiko maana wapo wanaoufundisha mitandaoni kama kipimo cha pombe salama, eti ikiwaka bluu kunywa. Pombe kali yoyote inawaka, ya kweli inawaka, feki inawaka, na methanoli, ile pombe ya sumu inayopofusha watu, inawaka pia, tena moto wake mchana hauonekani vizuri. Ulimi nao haukusaidii, methanoli iliyochanganywa huwezi kuitofautisha kwa kuonja, hata mimi siwezi. Waliokufa Kirinyaga kule Kenya Februari 2024 kwa pombe yenye sumu kijiko kisingewaokoa. Kama hujui chupa imetoka kwa nani, iache hapo hapo kaunta. Na mtu akishakunywa halafu masaa kadhaa baadae anaanza kuona ukungu, kichwa kinamgonga, anatapika, msimwambie alale hangover itaisha wala msimpe maziwa, mpelekeni hospitali muda huo huo na chupa mkononi.